Nyumba Tisa za Mlimani

Siku za shule Nyamizi aliamka kabla ya jua. Aliteka ndoo mbili za maji kwenye bomba la kijiji, akafagia uwanja, akanywa uji wake akiwa amesimama, kisha akashika njia ya shule. Njia hiyo ilipita karibu na makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, ambazo hapa Rwamgasa huanza kunguruma kabla ya kengele ya shule kulia. Baba yake alifanya kazi kwenye karasha mojawapo. Jioni alirudi na vumbi la kijivu mpaka kwenye nyusi, na kabla hajanawa Nyamizi alikuwa ameshamuuliza mawe ya leo yalikuwa na rangi gani, na kwa nini mengine yana dhahabu na mengine hayana.

Kuuliza ndiko kulikokuwa ugonjwa wake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na mwalimu wa sayansi alikuwa amempangia maswali matatu tu kwa kipindi ili na wenzake wapate nafasi. Maswali yaliyobaki aliyapeleka nyumbani kwa mama yake mdogo, Generoza.

Generoza alikuwa mdogo wake mama, mzaliwa wa Ushirombo, na kazi yake ilikuwa afisa afya wa kata. Alipohamishiwa Rwamgasa miaka miwili iliyopita, dada yake alimpa chumba cha uani. Siku za kazi alizunguka na pikipiki akikagua visima, vyoo na migahawa. Jumamosi aliketi barazani na kompyuta yake, na mwezi huo wa Januari alikuwa akiandika kitu ambacho hakikuisha.

"Mama mdogo, unamwandikia nani?" Nyamizi aliuliza.

"Watu nisiowajua," Generoza alijibu bila kuinua macho. "Wako kwenye chuo kikuu kimoja huko Uholanzi. Naomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili."

"Si ulishamaliza chuo?"

"Nilimaliza shahada ya kwanza. Uzamili ni ngazi inayofuata. Unachukua jambo moja, unalichimba mpaka ulijue chini kabisa."

"Kama duara la dhahabu, lile shimo la wachimbaji."

"Kama duara la dhahabu," Generoza alikubali, akacheka.

"Na nauli ya ndege?"

"Watatoa wao. Ndiyo maana unaitwa ufadhili kamili. Ada, nauli, chumba, chakula, hata matibabu nikiugua. Vyote juu yao."

"Kwa nini wamlipie mtu wasiyemjua?"

Sasa Generoza aliinua macho. "Hilo ndilo wanaloniuliza na mimi, ila wameligeuza upande wa pili. Wanataka niwaambie kwetu kuna tatizo gani, nimeanza kulichunguza vipi mwenyewe, na nikisoma nitarudi kulifanyia nini. Waombaji ni maelfu, wanatoka nchi nyingi, na nafasi ni ishirini. Wanamtafuta mtu mwenye swali la kweli."

Swali la Generoza lilikuwa juu ya zebaki. Wachimbaji wadogo huichanganya na mchanga uliosagwa ili ishike chembe za dhahabu. Halafu huichoma. Zebaki hupaa kama mvuke, dhahabu ikabaki kwenye chombo. Mvuke huo hauonekani wala haunuki, lakini ni sumu. Huingia kifuani, huenda mpaka kwenye ubongo na mishipa ya fahamu, na watoto wadogo ndio huumia zaidi. Generoza alitaka kujua watu huichoma wapi na watoto wao huwa wapi wakati huo. Alikuwa amepanga kutembelea nyumba sitini, na kwa ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshapita nyumba arobaini za kitongoji cha Sokoni. Zilibaki ishirini: kumi na moja kitongoji cha Bondeni, na tisa kitongoji kidogo cha Mlimani, juu kabisa, nyuma ya vichaka.

Wiki ya mwisho ya kutuma maombi, Generoza aliitwa Geita mjini kwenye mafunzo ya siku nne. Siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa Ijumaa. Jumapili jioni alikaa ameshika tama.

"Nitume nyumba arobaini tu," alimwambia dada yake. "Haina namna."

"Niende mimi," Nyamizi alisema. "Bondeni wote wananijua. Mlimani kuna watoto tunaosoma nao."

Mama yake alimtazama Generoza, Generoza akamtazama dada yake. Maswali yenyewe yalikuwa manne, mepesi. Je, hapa nyumbani mnachoma dhahabu? Mnachomea ndani au nje? Watoto huwa wapi? Chombo cha kuchomea kinatumika pia kupikia? Mwishowe Generoza alihesabu karatasi ishirini, akampa.

"Uliza mlangoni, usiingie jikoni kwa watu. Andika wanachokuambia. Usiandike majina, andika namba ya nyumba tu."

Jumatatu na Jumanne Nyamizi alipita Bondeni baada ya masomo, na kazi hiyo aliipenda. Hakujua kama mtu anaweza kusimama mlangoni kwa mtu mzima, akauliza, na mtu mzima akamjibu kwa heshima. Mama mmoja alimwonyesha kikaango ambacho asubuhi kilitumika kuchomea dhahabu na jioni kingekaanga dagaa. Mzee mmoja alimwambia hachomi tena tangu mikono yake ianze kutetemeka. Nyumba zote kumi na moja zilijibu.

Jumatano ilinyesha mvua kubwa. Alhamisi kulikuwa na mechi ya netiboli na shule ya jirani, na Nyamizi alikuwa mfungaji. Mchezo ulipokwisha, jua lilikuwa limeinama, miguu ilikuwa mizito, na njia ya Mlimani ilikuwa tope tupu. Generoza angerudi jioni hiyo hiyo.

Nyamizi aliketi kwenye ngazi ya darasa, akatoa karatasi tisa. Alijiambia kwamba anawajua watu wa Mlimani, si watu wa ajabu. Aliandika kwamba wote huchomea nje, watoto wakiwa mbali, na kwamba chombo cha kuchomea hakitumiki kupikia kamwe. Aliandika hivyo kwa sababu yalionekana kuwa majibu mazuri, na majibu mazuri hayaleti ubishi. Karatasi tano aliziandika kwa kalamu ya bluu na nne kwa nyeusi, ili zisifanane.

Ijumaa asubuhi Generoza alikuwa ameshaamka kabla yake. Karatasi zilikuwa zimetandazwa mezani.

"Njoo uone, Nyamizi. Sokoni wanachomea ndani, Bondeni wanachomea ndani. Mlimani, nyumba zote tisa, nje. Kijiji kile kile, kazi ile ile. Kwa nini?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Nyamizi hakulipenda neno hilo.

"Sijui," alisema.

"Hata mimi sijui. Nilikuwa natafuta swali zuri la utafiti mwezi mzima, kumbe lilikuwa Mlimani. Tukijua wao walijifunzaje, tunaweza kuwafundisha wengine." Alimshika bega. "Umefanya kazi ya mtu mzima. Asante."

Siku nzima Generoza aliandika upya mpango wake wa utafiti, wote juu ya Mlimani. Saa kumi jioni aliutuma. Nyamizi alikula chakula cha usiku bila kuuliza kitu, mpaka mama yake akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Mwezi wa Machi ilikuja habari. Generoza alikuwa miongoni mwa watu arobaini walioitwa kwenye usaili, ambao ungefanyika kwa njia ya mtandao, Jumanne ya wiki iliyofuata. Mama Nyamizi alichinja kuku. Baba aliuliza kama Uholanzi kuna ugali, akaambiwa hakuna, akasikitika kweli kweli. Nyamizi naye alifurahi, lakini kila alipofurahi kitu kilimvuta chini kama ndoo iliyojaa.

Wiki hiyo hiyo kata ilipata vyungu vinne vya chuma vyenye mfuniko na bomba. Ukichoma zebaki ndani ya chungu hicho, mvuke hupita kwenye bomba, hupoa, ukarudi kuwa zebaki tena, usimfikie mtu. Generoza alipanga mafunzo. Yangeanza Sokoni, halafu Bondeni. Mlimani wangesubiri mpaka baada ya mavuno kwa kuwa, kwa mujibu wa karatasi, wao hawakuwa na shida.

Ijumaa, wakati wa mapumziko, Nyamizi alikuwa bombani na Edward, mvulana wa darasa lake aliyekaa Mlimani. Macho ya Edward yalikuwa mekundu.

"Umelia?" Nyamizi aliuliza.

"Ni moshi. Jana kuni zilikuwa mbichi, na baba alikuwa anachoma mali, dhahabu yake."

"Anachomea nje?"

Edward alimshangaa. "Nje wapi? Jikoni, kama siku zote."

"Mdogo wako huwa wapi?"

"Ritha? Analala pale pale jikoni. Ndiko kwenye joto."

Ritha alikuwa na miezi minane. Nyamizi alimfahamu, mama yake humleta mgongoni siku ya mnada. Kengele ililia, watoto wakakimbilia darasani, naye alibaki amesimama huku maji yakifurika kwenye kikombe chake.

Alipofika nyumbani alimkuta Generoza uani, anapaka mafuta mnyororo wa pikipiki. Nyamizi hakuvua hata begi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Mlimani sikwenda."

Generoza aliendelea kupaka mafuta kidogo, kama mtu ambaye maneno hayajamfikia. Kisha akaacha. "Hukwenda lini?"

"Sikwenda kabisa. Zile karatasi niliziandika shuleni. Kwa akina Edward wanachomea jikoni na mtoto analala humo humo."

"Zote tisa?"

"Zote tisa."

Generoza alikaa chini kwenye kigogo. Hakupaza sauti, na Nyamizi aliona afadhali angepaza. Alijifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu.

"Kwa nini uliandika wanachomea nje?"

"Nilidhani ndilo jibu zuri." Machozi yalikuwa yameshaanza. "Lakini mama mdogo, wale wa Uholanzi hawatajua. Wako mbali."

"Mtoto wa akina Edward hayuko mbali," Generoza alisema. Alisimama, akachukua helmeti. "Panda."

Siku hiyo walikwenda nyumba moja tu. Mama Edward aliwapokea kwa ukarimu, akawapa viti. Generoza alimweleza pole pole juu ya mvuke usioonekana. Mama Edward alisikiliza akiwa amempakata Ritha, na maelezo hayajaisha akasimama, akaingia jikoni, akatoka na mkeka mdogo wa mtoto. Aliupeleka chumba cha mbele. Aliporudi alisema tu, "Hakuna mtu aliyewahi kutuambia."

Neno hilo Nyamizi alilibeba njia nzima ya kurudi.

Jumamosi walipanda Mlimani na karatasi tisa mpya. Safari hii Generoza aliuliza na Nyamizi aliandika. Nyumba mbili hazikuchoma dhahabu kabisa. Saba zilichomea ndani, zote saba, na tano kati ya hizo zilitumia kikaango cha kupikia. Hivyo Mlimani hapakuwa mahali pa mfano. Palikuwa pabaya kuliko Sokoni na Bondeni.

Kwenye nyumba ya mwisho aliishi Bibi Mwanaima, mjane ambaye wanawe wawili walikuwa wachimbaji. Alipomaliza kujibu, Nyamizi alishindwa kujizuia.

"Bibi, samahani. Kwa nini hamchomei nje, wakati nje kuna hewa?"

Bibi Mwanaima alimtazama kama anayepima kama swali lina ubaya. "Mayu," alisema, akimwita 'mama' kwa upole wa Kisukuma, "ukiwasha moto nje mchana bila sufuria juu yake, kila apitaye anajua una mali. Huku juu nyumba ziko mbalimbali. Mwaka juzi Nasibu, yule pale ng'ambo, alichomea uani. Jua halijazama walikuwa wameshamvamia, wakamvunja mkono. Tangu hapo kila mtu anachomea ndani na mlango amefunga."

Generoza aliacha kujipepea kwa kijitabu chake. "Kumbe ni hofu," alisema taratibu. "Si kwamba hawajui hewa. Wanaogopa."

Wakati wa kushuka alitembea akikokota pikipiki. Mara mbili alisimama kuandika kitu.

Nyumbani alifungua kompyuta. Alieleza mezani kwamba anataka kuwaandikia watu wa ufadhili kabla ya usaili. Angewaambia kwamba nyumba tisa kati ya sitini hazikuwa za kweli, na kwamba mpango mzima wa utafiti ulisimama juu ya hizo tisa.

Mama Nyamizi aliweka mwiko chini. "Generoza, umeomba ufadhili mara ngapi?"

"Hii ni ya tatu."

"Na mara mbili hukuitwa hata usaili. Sasa umeitwa. Huwezi kusubiri Jumanne ipite? Ukishapata nafasi, ukifika huko, unarekebisha."

"Nikifika huko nitakuwa nimekalia kiti cha mtu mwingine."

"Mtu gani?"

"Yeyote ambaye nyumba zake sitini ni za kweli."

Generoza aliandika barua fupi, akaisoma mara tatu. "Naogopa, dada," alisema. "Usidhani siogopi." Kisha akaituma, pamoja na hesabu mpya za Mlimani.

Jumapili haikuja barua yoyote. Jumatatu saa tano ilikuja ya mistari miwili: wamepokea maelezo yake, na watakutana naye Jumanne kama ilivyopangwa. Hakuna aliyeweza kusema kama ilikuwa habari njema au mbaya. Baba aliisoma kwenye simu, akairudisha, akasema wazungu hawa wanaandika kama watu wanaolipia kila neno.

Usaili ulifanyika saa tisa alasiri, ofisi ya kata, ambako mtandao ulikuwa na nguvu. Nyamizi alipita hapo kutoka shuleni, akaruhusiwa kukaa kwenye benchi nje ya dirisha. Kwenye kioo cha kompyuta aliona watu watatu, wanawake wawili na mwanamume mwenye ndevu nyeupe. Walizungumza Kiingereza, na Nyamizi alishika maneno machache tu. Alisikia nyumba tisa. Alisikia hofu. Halafu mwanamume mwenye ndevu aliuliza kitu kirefu, na katika jibu la Generoza alielewa maneno mawili yaliyofuatana: kosa langu.

Generoza alipotoka, kola ya blauzi yake ilikuwa imelowa jasho. Nyamizi alimpokea mkoba.

"Mama mdogo, nimesikia umesema ni kosa lako. Lilikuwa langu."

"Lako lilikuwepo. Langu lilikuwepo pia. Nilikupa kazi kubwa, halafu ukaniletea karatasi tisa zenye majibu yanayofanana kama mapacha. Mtu wa kazi yangu alipaswa kushtuka. Mimi niliyapenda kwa sababu yalinipa swali zuri, nikaacha kuyakagua. Ningepita nyumba moja tu ningejua."

"Wamekasirika?"

"Hawakukasirika. Waliuliza maswali mengi juu ya ile hofu. Ila sijui wamefikiria nini."

Huku wakisubiri, kazi haikungoja. Mafunzo yalianzia Mlimani. Generoza alipeleka suala la hofu kwenye serikali ya kijiji, na mwenyekiti, Mzee Cornel, aliitisha kikao cha wachimbaji na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Walikubaliana kujenga kibanda cha matofali chenye paa la bati, kuta nusu ili upepo upite, mahali pa wazi kati ya Mlimani na Bondeni. Vyungu viwili vya mfuniko viliwekwa hapo, na sungusungu wakapokezana kulinda. Mtu aliweza kuja na mali yake, akachoma, akaondoka, bila kujificha na bila mtoto karibu. Mwanzoni walikuja watatu. Mwezi wa Mei walikuwa wanapanga foleni.

Barua ya ufadhili ilikuja mwishoni mwa mwezi huo. Generoza hakuwa kati ya ishirini waliochaguliwa. Aliwekwa orodha ya akiba, nafasi ya pili. Angesafiri tu kama wawili kati ya wale ishirini wangeacha.

Nyamizi aliisikia habari hiyo akaenda kujificha nyuma ya nyumba. Generoza alimfuata, akakaa naye chini ukutani.

"Ni kwa sababu ya zile nyumba tisa?" Nyamizi aliuliza.

"Inawezekana. Inawezekana pia kuna ishirini walionizidi. Sitajua."

"Ungenyamaza ungepata."

"Inawezekana." Generoza alivunja kijiti, akakitupa. "Nyamizi, sikiliza, maana jambo hili wakubwa hulisema nusu. Wanawaambia watoto semeni kweli mtapata zawadi. Mimi nimesema kweli, na zawadi imekaa mbali. Lakini nenda kwa akina Edward uone Ritha analala wapi. Hilo nalo lilikuwa mikononi mwetu. Kama ningelazimika kuchagua tena, ningeituma ile barua tena, na ningeogopa vile vile."

Nyamizi aliegemea bega lake. Halafu aliuliza, "Orodha ya akiba ni kama wachezaji wa benchi?"

"Kabisa."

"Kwa hiyo unafanya mazoezi."

Generoza alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Na kweli alifanya. Jioni alisoma vitabu vya takwimu. Likizo ya Juni alimfundisha Nyamizi kuchora chati kwa rula na kalamu za rangi, na Nyamizi akagundua kwamba namba nazo huzaa maswali.

Katikati ya Julai simu iliita wakati Generoza akiwa kisimani Bondeni. Mwombaji mmoja alikuwa amepata ufadhili nchi nyingine, na wa pili alikuwa ameahirisha kwa sababu ya ugonjwa. Nafasi ilikuwa yake kama bado aliitaka. Watu waliokuwa kisimani walisimulia baadaye kwamba afisa afya alikaa juu ya ndoo ya mtu, akasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka mwenye ndoo akaiomba.

Kabla hajasafiri, kijiji kilifanya mkutano wa hadhara. Wiki moja kabla ya mkutano huo, Nyamizi na Generoza walikuwa wamezipitia upya nyumba ishirini za Bondeni na Mlimani kuona kama kuna mabadiliko, na Generoza alimwomba Nyamizi asome matokeo. Nyamizi alisimama mbele ya watu akiwa na sare ya shule, karatasi mkononi.

"Mwezi wa tatu, katika nyumba tisa za Mlimani, saba zilichomea ndani," alisoma. "Sasa hivi ni moja. Nyumba sita zinatumia kibanda au hazichomi zebaki kabisa. Mbili hatujui."

Mzee Cornel aliinamisha kichwa. "Jumla yako ni tisa, na mbili hujui. Kwa nini hujui?"

"Tulipita mara mbili hatukumkuta mtu, shikamoo mwenyekiti. Nimeacha wazi."

Watu wachache walicheka. Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma, mwenye kitenge cha njano, alinyoosha mkono. "Mimi ni mmoja wa hizo mbili," alisema. "Tulikuwa shambani wiki nzima. Andika tunakwenda kibandani."

Nyamizi alipiga magoti pale pale, akaweka karatasi juu ya paja, akaandika. Halafu akainua kichwa. "Kwa hiyo hatujui ni moja," alisema, akaketi.

Generoza alisimama kuaga. Aliwashukuru watu wa kijiji, kisha akawageukia wanafunzi waliokaa mbele kwenye nyasi.

"Wengi mmeniuliza mtu anapataje ufadhili wa kwenda kusoma ng'ambo," alisema. "Someni kwa bidii, jifunzeni lugha, ulizeni maswali, msikate tamaa mkikataliwa. Hayo mnayajua. Nitaongeza moja ambalo mimi na Nyamizi tumelilipia. Unapoandika jambo ambalo hukuliona, kuna mtu halisi upande wa pili wa karatasi yako. Atakunywa maji uliyosema ni safi, au atalala jikoni uliposema hapana moshi. Kwa hiyo mkijua, andikeni mnachojua. Msipojua, semeni hamjui, halafu nendeni mkaulize. Kusema 'sijui' si aibu. Elimu yote, hata ile ninayoifuata mbali, huanzia hapo."